Mapasa Katika Mstari Mmoja

Kituo chetu cha afya kiko Shituru, mtaa wa kiwanda cha shaba, upande wa nyumba za kampuni, mahali ambapo upepo ukigeuka unaisikia asidi ya kiwanda kooni kabla hujainusa. Alhamisi ni siku ya kilo. Akina mama wanakuja na watoto mgongoni, wanajipanga kwenye mabenchi ya barazani, na mimi nasimama chini ya mizani iliyotundikwa kwenye boriti. Namvalisha mtoto kaptula ya kitambaa, naining'iniza kwenye ndoano, nasoma mshale. Wengi wanalia. Wachache wanacheka, na hao ndio wanaonikojolea.

Kwa mapacha, ambao kwetu tunawaita mapasa, hatukutumia kaptula. Tulikuwa na beseni la bati lililofungwa kamba. Mapasa walilazwa humo kwa pamoja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Tunasoma kilo, tunagawa kwa mbili, tunaandika. Beseni likionyesha kumi na mbili, basi kila mmoja ana sita. Hivyo ndivyo alivyofanya muuguzi aliyenitangulia, na aliyemtangulia yeye, na hakuna daktari aliyepita pale akatuuliza sababu.

Sababu kila mtu aliijua. Mapasa hawalinganishwi. Wakizaliwa, watu wanaimba mitaani nyimbo ambazo siku nyingine padri asingetaka kuzisikia, na tangu siku hiyo kila kitu kinakwenda sawasawa: ukimpa mmoja ndizi, unampa na mwenzake, ukimsalimu huyu, unamsalimu na yule, mgeni akileta zawadi, analeta mbili zisizopishana. Ukisema kwa sauti kwamba mmoja amemzidi mwingine, yule aliyezidiwa atachukia na kurudi alikotoka. Hata utepe wa rangi wa kupimia mkono tuliupitisha kwenye mkono wa aliyetangulia kuzaliwa, na rangi iliyotokea tukaiandika kwa wote wawili. Walinzi wa jambo hili ni akina bibi. Mama kijana unaweza kumshawishi, lakini nyuma yake daima kuna bibi aliyejifunga kitenge kiunoni, macho yake kwenye beseni.

Nieleze na la kwangu mapema, maana sipendi msomaji ashtukizwe. Kwetu mapasa wanakuja na majina yao tayari, baba hachagui. Kuna jina la anayetangulia na jina la anayefuata. Mimi nina lile la pili. Popote ninapotaja jina langu, sokoni, parokiani, mbele ya polisi wa barabarani, yeyote wa kwetu anajua kwamba kuna mtu aliyetoka kabla yangu. Mwenzangu alikufa tukiwa bado tunanyonya. Simkumbuki. Mama yangu mpaka leo anaitwa mama mapasa na mtaa mzima, na anaitika.

Excel iliingia katika maisha yangu kwa amri. Ofisi ya afya inayosimamia vituo vya upande wetu ilitangaza kwamba ripoti za karatasi zimekwisha. Kila kituo kitatuma jedwali la kompyuta, na kwa kuhesabu mistari ya jedwali hilo watajua watuletee kiasi gani cha siagi ya karanga ya dawa, ile ya vipakiti wanayopewa watoto wenye kilo pungufu. Mstari mmoja ni mtoto mmoja, na mtoto mmoja ni mgawo mmoja. Tukapewa kompyuta iliyokwisha kutumiwa kwingine, herufi zake nusu zimefutika. Wenzangu wakanitazama. Mmoja akasema mimi ndiye mwenye subira, ambayo ni njia ya heshima ya kusema kwamba mimi ndiye sina watoto wadogo nyumbani.

Mafunzo yalikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa parokia mjini. Niliowakuta humo walikuwa vijana wanaotafuta kazi kwenye makampuni ya madini, kwa hiyo mazoezi yote yalihusu magunia: uzito wa gunia, asilimia ya shaba, depo lilikotoka. Mwalimu alikuwa kijana aliyesomea Lubumbashi. Alivaa viatu vyeupe katika mji wa vumbi jekundu, na vilibaki vyeupe, jambo ambalo kwa majuma kadhaa sikuweza kumsamehe. Aliniita maman kama anavyomwita kila mwanamke wa umri wangu, na alikuwa na tabia ya kuja kusimama nyuma yangu pale tu nilipokosea.

"Maman, usipige souris namna ile. Haiumake."

"Minye siogopi souris," nikamjibu, mkono juu ya kile kipanya cha kompyuta. "Naogopa mwalimu mwenye haraka."

Vijana wakacheka, naye akacheka, na tangu hapo tukaelewana kiasi.

Nilijifunza kwamba kila kisanduku cha jedwali kinaitwa seli na kina anwani yake, kama nyumba ya kampuni. Nilijifunza kwamba ukianza na alama ya sawasawa, mashine inajua unataka hesabu, na kwamba hesabu uliyoiandika mara moja unaweza kuishika kwa kona yake na kuivuta mpaka chini, ikajijibu mstari hadi mstari. Siku ya kwanza kufanya hivyo nilivuta, nikafuta, nikavuta tena. Nilikuwa nimetumia miaka mingi kugawa na kujumlisha kwa kalamu huku mtoto ananililia sikioni. Nilipenda sana. Sikumwambia mtu, kwa sababu mtu mzima akionyesha kupenda kitu cha vijana anakuwa hadithi ya mtaa, lakini nilipenda.

Umeme ulikatika mara kwa mara. Wenye betri nzuri waliendelea, sisi wengine tulikaa tukitazama vioo vyeusi na kusikiliza nadharia. Ni katika moja ya nafasi hizo mwalimu alitueleza tofauti ya seli tupu na sifuri. Sifuri, alisema, maana yake ulipima ukakuta hakuna kitu. Seli tupu maana yake hukupima. Ukijaza sifuri mahali pasipopimwa, umesema uongo, na mashine itauamini. Niliona hilo ni jambo la akili, nikamsamehe viatu.

Somo la kusafisha lilikuja baadaye. Data ya mtu yeyote, alisema, inakuja chafu. Akatuonyesha jedwali la magunia lenye mistari miwili iliyofanana kila kitu: depo lile lile, tarehe ile ile, uzito ule ule, asilimia ile ile.

"Ile haiko magunia mbili," akasema. "Iko gunia moya na karani wa kulala."

Akatuonyesha amri inayoitwa Supprimer les doublons. Unachagua safu zote, unabonyeza OK, na mashine yenyewe inatafuta mistari pacha, inabakiza mmoja na kuufuta mwingine. Kisha inakutolea ujumbe wa kukuambia imefuta mingapi. Darasa zima likabonyeza. Vijana walifurahi kuona magunia ya uongo yakitoweka.

Kituoni nilihitaji amri hiyo kweli, kwa sababu tulikuwa wawili tunaoingiza data, mimi asubuhi na muuguzi mwenzangu alasiri, na mara nyingi tuliandika ukurasa ule ule mara mbili. Nikafungua faili yetu. Safu zilikuwa zile za karatasi ya zamani: jina la mama, tarehe ya kuzaliwa kwa mtoto, barabara anakokaa, kilo, rangi ya mkono. Jina la mtoto halikuwemo, karatasi haikuliuliza. Nikaweka nakala ya faili pembeni, kama mwalimu alivyotuzoeza, nikachagua safu zote, nikabonyeza OK. Ujumbe ukatokea, mistari imefutwa, faili imekuwa safi. Nikaituma ofisini kwa njia ya simu yangu, nikaenda nyumbani kula bukari, ugali wetu, nikiwa na roho nyeupe.

Katoni zilikuja. Zilikuwa chache kuliko nilivyotegemea, lakini katoni huwa chache, sikushangaa. Mgawo ulifanyika Alhamisi baada ya kilo. Mwenzangu alishika orodha iliyotoka ofisini, anaita jina la mama, mama anasogea, anapokea vipakiti vyake, anatia alama ya kidole.

Akaitwa mama mmoja kijana wa mapasa. Mume wake ni mchimbaji, anakaa machimboni na kurudi Jumapili akirudi. Mama mkwe wake alikuja kutoka Kapolowe siku mapasa walipozaliwa, na hakurudi tena. Shamba lake la mahindi alimwachia ndugu. Mapasa wenyewe walikuwa wa kiume na wa kike. Wa kiume ndiye aliyetangulia. Mwenzangu akahesabu vipakiti vya mtoto mmoja, akavisukuma mezani.

"Siye tuliandikisha babili," mama akasema.

"Hapa ni mumoya."

Bibi yao, yule mama mkwe, akavichukua vile vipakiti, akavitazama, akavirudisha mezani taratibu.

"Kama iko ya moya, mubakie nayo. Mapasa habapewake kintu kimoya."

Nikafungua kompyuta, hasira tayari zimenipanda, maana nilidhani ni watu wa ofisini. Nikamtafuta yule mama: mstari mmoja. Nikamtafuta mama mwingine wa mapasa anayekaa karibu na reli: mstari mmoja. Nikatafuta wengine. Mapasa wote wa Shituru walikuwa nusu. Mashine ilikuwa imemtoa mtoto mmoja katika kila beseni.

Na haikuwa imekosea. Mama yule yule, tarehe ile ile, barabara ile ile, kilo zile zile kwa kuwa tuligawa kwa mbili, rangi ile ile kwa kuwa tulipima mkono wa mmoja. Hakuna tulichokuwa tumeiambia mashine cha kuifanya ijue kwamba ni watu wawili. Tulitunza usawa wa mapasa vizuri sana, hata mmoja wao akaonekana kama usingizi wa karani.

Nikaagiza mama apewe migawo miwili kutoka akiba, nikaomba wasubiri kidogo kwenye benchi. Nikafungua ile nakala ya pembeni. Walikuwemo wote wawili. Nilitaka kuwa na kitu cha kuwaonyesha watu wa ofisini, kitu kisichobishaniwa, na mwalimu alikuwa ametufundisha michoro juma lililopita. Kwa hiyo nikachukua kwenye daftari la kituo kilo za mapasa hao tangu kuzaliwa, nikaagiza mchoro wa mistari miwili, mmoja wa bluu na mwingine wa rangi ya chungwa.

Ukatokea mstari mmoja.

Nikadhani nimekosea. Nikafuta, nikachora upya, nikapata ule ule. Ndipo nilipobonyeza juu ya mstari nikaona kwamba wa bluu upo, uko chini ya wa chungwa, umefunikwa wote tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Watoto wawili hawawezi kukua hivyo. Mmoja anaumwa tumbo, mwingine anapona. Mistari inapaswa kuachana hata kidogo. Nikainua macho kwenye benchi.

Wa kiume alikuwa amesimama juu ya mapaja ya bibi, anavuta hereni yake. Wa kike alikuwa amelala mikononi mwa mama. Kichwa chake kilikuwa kikubwa kwa ile shingo. Ngozi ya paja ilikuwa na mikunjo, kama soksi ya mtu mwingine. Halii, hachezi, anatazama boriti. Nilikuwa nimembeba Alhamisi nyingi kumwingiza katika beseni, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mshale.

Nikaogopa. Mtoto wa miezi minane akifikia hali ile, homa moja ya kawaida inatosha. Miezi ya karibuni tulikuwa tumemwandikia kilo tano na kitu, hata sita, kilo za mtoto mdogo tu anayehitaji vipakiti. Kumbe zile zilikuwa kilo za kaka yake tulizomkopesha.

Nikatoka barazani.

"Mama, nataka nipime huyu wa pili peke yake."

Aliyejibu ni bibi. "Apana. Mapasa habapimake moya moya."

"Nkambo," nikamwita, kama tunavyomwita kila bibi, "huyu mutoto anaisha."

Mara ile bibi akaziba sikio la mtoto kwa kiganja chake. "Njo weye unasema ile maneno mbele yake? Ukisema vile, atasikia. Atakwenda."

Mimi si mpole. Watu wanaodhani nina subira hawajanisikia nikigombana na muuza makaa. Nilikuwa na neno mdomoni, neno la mazishi, na kama ningelitoa bibi angefunga kitenge chake na kuwaondoa watoto wote wawili, na tusingewaona tena. Nililishika kwa shida. Mama kijana, kwa kuona uso wangu, akajaribu kupatanisha.

"Musikasirike," akasema, akataja jina langu.

Bibi akageuka kunitazama upya. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayesoma mshale wa mizani.

"Jina yako ni ya mwenye kufwata," akasema.

"Ndiyo, nkambo."

"Mwenye kutangulia iko wapi?"

Miaka yote ya kazi pale, hakuna aliyeniuliza. Watu wanalisikia jina, wanahesabu, wanaona niko peke yangu, wananyamaza kwa adabu. Hata nyumbani habari hii niliisikia mara moja tu. Mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Akasema bila kuinua kichwa, kisha akaendelea kuchagua.

"Alikufa," nikamjibu. "Balikuwa banatupima pamoya, mu beseni moya. Minye njo nilikuwa na kilo."

Wa kiume alikuwa bado anavuta hereni ya bibi, naye bibi hakumzuia. Mwishowe akatoa kiganja kwenye sikio la mtoto.

"Bataingia bote babili," akasema.

"Bataingia bote babili."

"Na weye hutataja kilo na kinywa yako."

"Sitataja."

Tukaingia. Nikawalaza katika beseni kama siku zote, kichwa huku, kichwa kule. Mshale ukasimama kwenye kumi na mbili, nikauangalia, nikafunga mdomo. Kisha nikampa mama ishara, naye akainama akamwinua wa kiume, akamtia titi mdomoni, kama vile amelia njaa. Hakuna aliyesema kwamba tunapima mmoja. Wa kike alibaki peke yake ndani ya beseni, na beseni likapanda juu kwa namna ambayo hata mtu asiyejua kusoma angeielewa. Mshale ukashuka, ukatetemeka, ukasimama. Nikauangalia. Nikamwinua mtoto mwenyewe, nikamkabidhi bibi.

Kwenye kompyuta niliandika namba ya kwanza katika seli moja, namba ya pili katika seli inayofuata, na katika ya tatu nikaweka alama ya sawasawa na kutoa moja katika nyingine. Ni hesabu ya mtoto wa shule. Hata hivyo niliirudia kwa kalamu pembeni. Kaka alikuwa na kilo saba na robo, mtoto mzima kabisa, asiyehitaji hata kipakiti kimoja. Dada alikuwa na nne na robo tatu. Juma lile lile tulikuwa tumefundishwa kuiagiza mashine ipake seli rangi yenyewe kufuatana na namba iliyomo. Nikaagiza. Seli ya kaka ikawa ya kijani. Ya dada ikawa nyekundu.

Bibi alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, mahali anaposimama mwalimu.

"Ile nyekundu ni ya nani?"

Nilikuwa nimeahidi kinywa changu. Sikukitumia. Nilimtazama yule mtoto mikononi mwake, naye akamtazama pia. Akajifunga kitenge upya, akakaza.

"Tunaenda wapi?" akauliza.

Walikwenda hospitali kubwa mjini, kwenye wodi ya watoto waliopungukiwa lishe. Walikwenda wote wawili, maana kumlaza mmoja na kumwacha mwingine halikuwa jambo la kujadiliwa. Nilijua wa wodini watapiga kelele kwa kuletewa mtoto mnene, kwa hiyo nikajaza karatasi mbili za rufaa. Kwenye ya dada nikaandika hali yake. Kwenye ya kaka, mahali pa sababu ya kulazwa, nikaandika: anamsindikiza dada yake. Baadaye nilisikia daktari aliisoma kwa sauti mbele ya wauguzi, wakacheka, kisha wakatafuta kitanda kipana.

Jumamosi nilimweleza mwalimu. Alinisikiliza akiwa ameketi juu ya meza, viatu vyake vinaning'inia. Hakufanya mzaha.

"Maman, ile jedwali inakosa identifiant," akasema. "Kintu ya kuonyesha huyu haiko ule. Hata bakifanana yote ingine."

"Siye tuko nayo mbele weye hauyazaliwa," nikamjibu. "Ni karatasi njo haikuuliza."

Nikaongeza safu moja: anayetangulia, anayefuata. Ni hiyo tu. Nikaingiza mapasa wote upya, nikaijaribu tena ile amri ya kufuta, na mashine ikanijibu kwamba hakuna mistari pacha iliyopatikana. Darasani mwalimu alianza kusema jambo jipya kabla ya somo la kusafisha. Aliwataka vijana waulize kwanza kwa nini mistari miwili inafanana, ndipo wafute. Vijana wa magunia waliandika bila kuinua vichwa.

Kwa mapasa wengine tulifanya vile vile, beseni kwanza, kisha mama anashikwa na haja ya kumnyonyesha mtoto mmoja. Akina bibi walielezana wenyewe. Sikuhitaji kusema mengi. Wengine walikataa, na kwao bado ninagawa kwa mbili na kuwaangalia watoto kwa macho. Wengi walikubali kwa sharti lile lile la kinywa. Kwa hiyo chumba cha kilo kikawa na ukimya wa ajabu mapasa wanapoingia. Anayepita nje anaweza kudhani tunasali.

Habari za hospitali hazikufika kirahisi. Mama hakuwa na simu, na mume alikuwa machimboni. Nilipata siku moja ya kwenda wodini, nikaambiwa mtoto amehamishwa chumba cha oksijeni na wageni hawaruhusiwi. Bibi nilimwona kwa mbali akiwa amekaa sakafuni ukumbini, wa kiume amelala mgongoni mwake. Hakuniona, au hakutaka kuniona. Nikarudi Shituru kwa miguu, jua kali, na njia nzima nilikuwa na hasira na beseni, kitu cha bati kisicho na kosa lolote.

Alhamisi zilizofuata, kila nilipomaliza kuingiza kilo, mistari yao miwili ilibaki na seli tupu. Mwenzangu alitaka niijaze kwa namba za mwezi uliopita ili ripoti isiwe na mashimo. Nilimkatalia kwa sauti iliyomfanya atoke nje. Mashine nayo ina njia zake: ukichora mchoro wenye seli tupu, inakuuliza kama iache pengo, au iunganishe mstari juu ya pengo, au ihesabu kwamba ni sifuri. Nilichagua pengo. Mistari miwili, ya bluu na ya chungwa, iliachana vizuri sasa, mmoja juu, mwingine chini kabisa, kisha yote miwili ikakatika hewani. Niliutazama mchoro huo mara nyingi kuliko kazi ilivyonidai. Nilikuwa nikimwomba Mungu kwa maneno ya mwalimu: iwe tupu, isiwe sifuri.

Walirudi mvua zilipoanza. Nilikuwa nimeinama nikifungua mkanda wa kaptula ya mtoto wa mtu mwingine nilipoisikia sauti ya bibi barazani, anasalimia benchi zima, mmoja mmoja. Mama kijana akaingia kwanza. Mgongoni mwake alikuwa wa kiume. Mikononi hakuwa na kitu. Nikatazama nyuma yake, nikaona mlango, matope ya uani, mwanamke anakunja mwavuli.

Kisha bibi akaingia, akageuka ili akae, na nikamwona wa kike mgongoni mwake, anatafuna fundo la kitenge.

Nilijishughulisha na kamba za beseni. Zilikuwa hazina shida yoyote, lakini nilizifunga upya. Tukawalaza, kichwa huku, kichwa kule, na wa kike, ambaye sikuwahi kusikia sauti yake, akalia kwa nguvu hata akina mama wa barazani wakachungulia. Hakucheka, lakini alinikojolea. Nikausoma mshale. Mama akashikwa na haja ya kumnyonyesha kaka, nikausoma tena.

Bado walipishana. Wanaweza kupishana maisha yao yote. Nilikwenda kwenye kompyuta, nikaandika katika mstari wa anayetangulia, nikaandika katika mstari wa anayefuata, na rangi zikajipaka zenyewe. Hakukuwa na nyekundu. Bibi alikuja kusimama nyuma yangu. Hakuutazama mchoro, aliitazama midomo yangu.

"Sasa beko sawasawa?" akaniuliza.

Nilikuwa nimeahidi kutotaja kilo, na sikuzitaja.

"Beko bote babili, nkambo," nikamwambia. "Beko bote babili."